Benki ikifungwa ng'ambo ya mpaka, fedha zako ziko mikononi mwa nani?

Jumanne ya Oktoba 13, 2015, benki moja ilifungwa Nairobi huku benki yenye jina hilohilo ikibaki wazi Kampala.

Siku hiyo Benki Kuu ya Kenya (CBK) iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana la Kenya (KDIC). Ilikuwa pia siku ambayo hatifungani ya Sh2 bilioni za Kenya, iliyokwisha kuuzwa na benki hiyo kwa wawekezaji, ilitarajiwa kuanza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mkurugenzi mkuu wa kundi hilo, Abdulmalek Janmohamed, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na ni baada ya kifo chake ndipo hesabu za benki zilipoanza kufunuliwa mbele ya msimamizi.

Kampala, Benki Kuu ya Uganda (BoU) nayo ilichukua usimamizi wa Imperial Bank Uganda, lakini haikufunga milango. Wateja waliendelea kuweka na kutoa fedha. Mwaka uliofuata Exim Bank ya Tanzania ilinunua hisa nyingi za benki hiyo, jina likabadilika kuwa Exim Bank Uganda, na maisha yakaendelea. Nairobi, mwenye akaunti kubwa ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusubiri.

Kwa mfanyabiashara anayechukua bidhaa Eastleigh na kuzipeleka Kikuubo, au anayetoa mchele Mbeya na kuuza ng'ambo ya Namanga, kisa hicho cha benki moja na hatima mbili kinafaa kujulikana kabla ya kufungua akaunti nyingine yoyote. Wengi huamini kwamba jina kubwa lililoandikwa juu ya mlango, lenye matawi katika nchi nne au tano, ni kinga. Wengine huamini kinyume chake, kwamba mgeni ndiye hulipwa mwisho. Imani zote mbili zina kasoro.

Kinachoangaliwa kwanza ni leseni. Imperial ya Kampala ilikuwa kampuni tanzu, yaani benki kamili iliyosajiliwa Uganda, yenye mtaji wake na vitabu vyake, chini ya BoU. Mzazi wake alipoanguka, mali zake hazikuchanganywa na za mzazi. Lingekuwa tawi tu la benki ya Nairobi, hadithi ingekuwa nyingine. Ndiyo maana Mtanzania mwenye akaunti ya benki iliyosajiliwa Kenya hafuati sheria za Dodoma siku benki hiyo ikifungwa. Anafuata za Nairobi, na anapanga foleni na Wakenya. Pasipoti yake haimsogezi mbele wala haimrudishi nyuma.

Foleni yenyewe sasa.

Wakati Imperial inafungwa, kiwango cha juu ambacho KDIC ilimlinda mteja mmoja katika benki moja kilikuwa Sh100,000 za Kenya. Kwa thamani ya wakati ule ni chini kidogo ya dola 1,000. Neno "bima" hapa linapumbaza kidogo, kwa sababu mtu akisikia amana zina bima hudhani ni amana zote. Akaunti tatu katika benki hiyohiyo hujumlishwa na kuhesabiwa kama moja. Mwenye Sh80,000 alikuwa salama. Mwenye Sh3 milioni za kununulia mzigo alikuwa na Sh100,000 zenye ulinzi wa sheria, na zilizobaki zilitegemea mali za benki zingepatikana kiasi gani, na lini.

Kilichotokea kilikuwa bora kuliko kiwango cha sheria, ila kilichukua muda. Desemba 2015 CBK ilipanga wateja walipwe hadi Sh1 milioni kila mmoja kupitia benki za KCB na Diamond Trust. Mwaka 2016 kikaja kiasi kingine cha hadi Sh1.5 milioni, safari hii kupitia NIC. Hapo wenye akaunti ndogo na za kati walikuwa wamepata chao chote. Waliobaki ni wenye fedha nyingi, na katika kundi hilo wamo wafanyabiashara, maana fedha ya biashara hukaa benki kwa wingi kwa siku chache halafu inatoka. Bahati mbaya ni kukamatwa katika siku hizo chache.

Kwao mambo yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ilipofika Juni 2020 KCB ilichukua sehemu ya mali na madeni ya Imperial, na wateja wakaahidiwa asilimia 19.7 ya masalio yao yaliyostahili, tena kwa malipo ya kusambazwa kwa miaka minne. Desemba 2021 benki ikaingizwa rasmi katika ufilisi. Miaka sita na ushei tangu milango ifungwe, kulikuwa bado na watu wenye fedha ndani.

Hapo ndipo hesabu ya mwenye duka inapotofautiana na ya mwenye mshahara. Mtumishi aliyeweka akiba ya kujengea nyumba huchelewa kujenga. Mfanyabiashara anayezungusha mtaji mara sita kwa mwaka hupoteza mizunguko sita kila mwaka anaosubiri, hupoteza wateja aliokuwa akiwakopesha, na pengine hudaiwa na msambazaji ambaye hataki kusikia habari za benki iliyofungwa. Hata akirudishiwa kila shilingi baada ya miaka mitatu, biashara aliyokuwa nayo inaweza kuwa haipo tena.

Kisa cha Chase Bank kinaonyesha njia nyingine, yenye nafuu kiasi. Benki hiyo iliwekwa chini ya usimamizi Aprili 7, 2016, ikiwa ya tatu nchini Kenya katika muda usiofika miezi tisa, baada ya Dubai Bank Agosti 2015 na Imperial. Uvumi ulikuwa umeenea mitandaoni na wateja wakakimbilia kutoa fedha. Tofauti ni kwamba ilifunguliwa tena Aprili 27, chini ya uendeshaji wa KCB, na wateja wakaruhusiwa kutoa hadi Sh1 milioni. Agosti 2018 SBM ya Mauritius ilichukua asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiliwa. Robo iliyobaki iliachwa katika Chase ya zamani, ambayo iliingia ufilisi Aprili 2021.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Mtu aliyekuwa na Sh4 milioni zilizozuiliwa alihamishiwa Sh3 milioni katika benki hai, nazo si zote za kutoa siku hiyo, kwani sehemu ilifungwa katika amana za muda maalumu. Sh1 milioni ikabaki ikisubiri mfilisi auze mali na kukusanya madeni. Kwa lugha ya sokoni, hiyo milioni moja ni ya kuandika kwenye daftari kwa penseli.

Uganda ilifika mbali zaidi ilipomgeukia Crane Bank. BoU iliichukua Oktoba 20, 2016, na Januari 2017 amana zikahamishiwa dfcu. Mteja hakuhitaji kujaza fomu ya madai. Aliamka akiwa mteja wa benki nyingine. Hii ndiyo njia ambayo kila mwenye akaunti angeiomba, lakini mteja hana sauti katika kuichagua. Benki kuu ndiyo huamua, kwa kuangalia kama kuna mnunuzi na shimo lina kina gani.

Tanzania ina kisa kinachokwenda upande wa pili, cha wageni waliopanga foleni Dar es Salaam. FBME ilikuwa benki yenye makao makuu jijini humo, lakini sehemu kubwa ya biashara yake ilikuwa Cyprus, ambako iliendesha shughuli kama tawi. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani, kupitia kitengo chake cha kupambana na fedha haramu, FinCEN, iliitaja benki hiyo kuwa tishio la utakatishaji fedha. Mamlaka za Cyprus zililichukua tawi, na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ikachukua usimamizi wa benki yenyewe. Mei 8, 2017 BoT ilifuta leseni na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana (DIB) kuwa mfilisi.

Kiwango cha fidia ya bima Tanzania kilikuwa wakati huo Sh1.5 milioni, chini ya dola 700. Kwa mama mwenye duka Kariakoo aliyekuwa na akaunti ya akiba huenda kilitosha. Kwa mwenye kampuni aliyehifadhi mamia ya maelfu ya dola kupitia Cyprus, fidia hiyo haikugusa hata ukingo wa deni lake, na iliyobaki ikawa shughuli ya ufilisi unaohusisha nchi mbili zenye sheria mbili. Tawi na makao makuu ni mwili mmoja, na kichwa kikikatwa mkono nao haufanyi kazi.

Viwango vimepanda tangu hapo. Kenya ilipandisha ulinzi hadi Sh500,000 za Kenya kuanzia Julai 2020. Uganda, kupitia Mfuko wa Kulinda Amana, ilitoka Sh3 milioni hadi Sh10 milioni za Uganda mwaka 2019. Tanzania ilipanda hadi Sh7.5 milioni mwaka 2023. Ukizibadili zote kuwa dola, hakuna inayofika 5,000. Mzigo wa kontena moja kutoka China unazidi hapo mara kadhaa.

Na hakuna mfuko mmoja wa Jumuiya. Nchi wanachama zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 30, 2013 jijini Kampala, na lengo la sarafu moja limesogezwa kutoka 2024 hadi 2031. Bidhaa huvuka Rusumo na Mutukula kwa cheti kimoja cha asili, lakini ulinzi wa amana unaishia mpakani. Serikali zimekuwa na haraka zaidi kuruhusu benki zivuke kuliko kuruhusu kinga ya mteja ivuke nazo, na hilo si jambo la kusubiri sarafu moja.

Wakati huo huo mfanyabiashara ana karatasi zake za kushughulikia, na hapa ndipo wengi huumia pasipo sababu.

Kosa kubwa ni akaunti ya kuazima. Mtu anafika mji wa ng'ambo, hana kibali cha ukaazi wala namba ya mlipakodi ya nchi ile, anaombwa nyaraka asizokuwa nazo, basi mwenyeji wake anamwambia, "Pitishia kwangu." Kwa miezi au miaka fedha zinapita kwa jina la mwenyeji, na uaminifu upo. Benki ikifungwa, mdai anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti. Fedha za watu wawili zinahesabiwa kama za mtu mmoja, kiwango cha fidia ni kimoja, na mwenyeji akiwa na mkopo katika benki hiyo, kwa kawaida deni hukatwa kwanza kabla ya yeye kulipwa. Mgeni anaweza kulipa mkopo wa rafiki yake bila kujua.

Kosa la pili ni majina. Kitambulisho kinasema hivi, pasipoti inasema vile, akaunti ilifunguliwa kwa jina la ubatizo na herufi moja imeachwa. Benki ikiwa hai, karani anayekufahamu anacheka na kukuhudumia. Mfilisi hakufahamu. Anataka kitambulisho kinacholingana na daftari la benki, taarifa ya akaunti, kadi au kitabu cha akiba, na akaunti katika benki nyingine ya kupokelea malipo. Mwenye akaunti akiwa amefariki, warithi wanatakiwa kuleta hati ya usimamizi wa mirathi, na kuipata hati hiyo katika nchi moja ili itumike katika nchi nyingine ni safari ya peke yake. Taarifa za akaunti zilizochapwa kila baada ya miezi michache na kuwekwa nyumbani zimewasaidia wengi kuliko kumbukumbu za simu, kwa sababu programu ya benki iliyofungwa inaweza isifunguke.

La tatu ni sarafu. Aliyeweka dola asitarajie fidia ya bima kwa dola. Fidia hulipwa kwa shilingi ya nchi husika, na shilingi ikishuka wakati wa kusubiri, hasara ni yake.

Wapo pia wanaoweka fedha Sacco wakidhani ni benki. Nchini Kenya, Sacco haziko chini ya KDIC. Kabla ya kuweka fedha za mzigo, swali la kuuliza dirishani ni fupi: leseni yenu imetolewa na nani, na ninyi ni kampuni iliyosajiliwa hapa au ni tawi? Karani asiyejua jibu anaweza kumwita meneja, na orodha za benki zenye leseni huchapishwa na benki kuu za nchi zote.

DIB nayo, zaidi ya mara moja tangu 2017, imetoa matangazo ya kuwaita wateja wa benki zilizofungwa waliokuwa hawajajitokeza kuchukua fidia. Tangazo la gazeti la Dar es Salaam ni vigumu kumfikia mtu aliyekwisha kurudi Lubumbashi au Bujumbura akidhani kwamba, kwa kuwa yeye ni mgeni, hana la kudai.