REDIO YA RIDHAA SAFARINI: KUZUNGUMZA NA DUNIA UKIWA UGENINI

Wahenga walisema tembea uone. Kuna watu duniani ambao hawatosheki na kuona tu. Wakienda likizo nchi za mbali hubeba redio ndogo mkobani, wakatundika waya mtini na kuanza kuzungumza na watu wa mabara mengine. Hao huitwa wanaridhaa wa redio. Katika makala haya ningependa kukueleza wanavyofanya, sheria zinazowaongoza, na kwa nini jambo hili si mchezo wa kupoteza wakati kama wengine wanavyodhani.

Kwanza kabisa, redio ya ridhaa ni nini? Si ile redio ya kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Hii husikia na pia husema. Mwenye nayo haruhusiwi kuitumia kwa biashara, wala kuficha maana ya maneno yake kwa msimbo wa siri. Huzungumza na wenzake kuhusu mitambo, hali ya hewa, mahali alipo na mambo madogo madogo ya kibinafsi. Ili apewe leseni, kwa kawaida hufanya mtihani wa umeme, mawimbi na sheria. Zamani ilikuwa lazima pia ajue msimbo wa Morse, ile ti-ti-taa, ndipo aruhusiwe kutumia mawimbi ya masafa mafupi yanayofika mbali. Sharti hilo la kimataifa liliondolewa mwaka wa 2003, ingawa wengi bado wanaupenda msimbo huo kwa sababu husikika hata pale sauti ya mtu inapomezwa na kelele.

Kila mwenye leseni hupewa jina la hewani, na mwanzo wa jina hilo huonyesha nchi yake. Kenya ni 5Z, Tanzania 5H, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U na Oman ni A4. Sasa mtu akisafiri, jina hilo hubadilika kidogo. Mholanzi ambaye jina lake huanza na PA akija Kenya hutanguliza 5Z4, kisha mkwaju, halafu jina lake la nyumbani. Yeyote atakayemsikia atajua mara moja kwamba huyu ni mgeni aliyeko Kenya. Ni kama vile sisi tunavyosema "fulani wa fulani, sasa anakaa mahali fulani".

Hapa ndipo tunapofikia jambo zito, yaani ruhusa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Leseni ya kwenu haikupi haki ya kusema hewani katika nchi ya watu. Nchi za Ulaya zilifanya mapatano mwaka wa 1985, yanayojulikana kama T/R 61-01, kwamba mwenye leseni inayokubalika anaweza kutumia redio katika nchi yoyote iliyomo kwa muda usiozidi miezi mitatu bila kuomba leseni nyingine. Baadaye nchi za nje ya Ulaya kama Marekani na Afrika Kusini zilijiunga. Lakini anayekuja Kenya ni lazima apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ni busara aombe mapema kabla hajafunga mizigo. Kuna nchi nyingine, kwa mfano Korea Kaskazini, ambako redio hizi kwa kawaida haziruhusiwi kabisa. Mtu akipatikana nazo huko bila karatasi, asishangae akiulizwa maswali ya ujasusi.

Wala usidhani natia chumvi. Likizo ya Disemba nilimtembelea mjomba wangu, ambaye ni bawabu katika nyumba ya wageni kule Watamu. Mgeni mmoja mzee kutoka Uholanzi alirusha kamba juu ya mvinje, akavuta waya hadi juu. Haukupita muda watoto wakajaa. Mtu mmoja akasema, "Huyo ni jasusi, mwiteni mzee wa nyumba kumi." Mzee akaja na bakora yake. Mgeni hakubishana. Aliamkia, akafungua faili, akatoa leseni ya kwao, kibali cha Kenya na nakala ya pasipoti. Mzee alivaa miwani akasoma polepole, kisha badala ya kuondoka akavuta kiti. Alipomsikia mtu wa Italia akijibu, alimgeukia mjomba akasema, "Kumbe ni kauzi haka tu?" Mjomba akamjibu, "Ndako hako, mzee wangu." Bila lile faili, nadhani siku ile ingeishia kituoni.

Hebu sasa tuangalie vifaa. Msafiri hawezi kubeba mlingoti. Hubeba redio inayoenea kiganjani au kubwa kidogo, betri, waya, kamba na daftari. Redio nyingi za safarini hutoa wati 5 tu, yaani chini ya balbu nyingi za nyumbani. Betri nayo ina sheria yake. Betri za lithiamu za akiba hubebwa ndani ya ndege pamoja na abiria, si katika mizigo ya chini, na kwa kawaida zisizidi wati-saa 100 kila moja. Ukitaka kujua, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 6 ni 72, kwa hivyo inapita.

Waya nao hukatwa kwa hesabu, si kwa kukisia. Gawanya 143 kwa masafa katika megahezi, utapata urefu wa antena kwa mita. Kwa megahezi 14.2, jibu ni kama mita 10. Waya huo hugawanywa katikati, mita 5 upande huu na mita 5 upande ule, na hapo kati ndipo kebo ya redio inapounganishwa. Tahadhari: usitundike karibu na nyaya za stima, usikae nayo wakati wa radi, na umwombe ruhusa mwenye mti.

Wati 5 zinafikaje Ulaya? Juu sana angani, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, mna tabaka ambazo jua hulichaji gesi yake umeme. Tabaka hizo huitwa ayonosfia. Mawimbi ya masafa mafupi yakifika huko hupindishwa na kurudishwa chini mbali sana, kama mpira unaodunda darini. Mchana tabaka la chini hunyonya mawimbi ya masafa ya chini, kwa hivyo watu hutumia megahezi 14 au zaidi. Usiku tabaka hilo hufifia, na megahezi 7 hufika mbali. Jua lenyewe huzidi na kupungua nguvu kwa mzunguko wa takriban miaka 11.

Msafiri pia achunge mipaka. Huku Afrika na Ulaya wanaridhaa hutumia megahezi 7.0 hadi 7.2, ilhali Marekani wanafika 7.3. Mmarekani akija huku na mazoea ya kwao ataingilia vituo vya utangazaji. Kadhalika saa. Daftari huandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwa hivyo saa mbili usiku huku kwetu huandikwa 1700. Sisi tuliozoea saa ya Kiswahili tuna hesabu mara mbili!

Labda utasema, "Si kuna simu? Si kuna WhatsApp?" Ni kweli, lakini simu hutegemea minara, na minara hutegemea stima. Sikiliza haya. Disemba 2004, Bibi Bharathi Prasad wa India alisafiri na wenzake hadi visiwa vya Andaman, ambako wanaridhaa hawakuwa wamesikika kwa miaka mingi. Alitumia jina la VU4RBI, na watu wa dunia nzima waling'ang'ania kuongea naye. Tarehe 26, saa kumi alfajiri kwa saa zetu, bahari ya Sumatra ikatetemeka na tsunami ikapiga visiwa vile. Simu zikakatika. Bibi huyo na wenzake wakaacha burudani pale pale, wakaanza kupeleka na kupokea habari za waliopotea na waliookoka, ili jamaa zao bara wapate kujua. Mawimbi hayo hayo yalifika pwani yetu mchana wa siku hiyo, na hapa Kenya mtu mmoja alipoteza maisha. Waliokuwa wamebeba redio kwa furaha ya safari ndio waliokuwa na sauti wakati wengine hawana.

Hatimaye, wenzangu, akili ni mali. Hakuna anayezaliwa akijua mambo haya. Anayetaka kuanza asianze kwa kununua mtambo. Aanze kwa kusikiliza redio ya masafa mafupi, ajifunze ramani, asome Fizikia yake vizuri, hasa sura ya mawimbi ambayo wengi wetu tunaikimbia. Kisha atafute walio na leseni. Tuna chama cha wanaridhaa wa redio hapa Kenya. Ukiwasikia wakiagana kwa kusema 73, ujue maana yake ni salamu njema. Nami nakuaga hivyo hivyo, msomaji: 73.

Mwanachama, Kidato cha Tatu