Mtoto Asiyesimama Dede

Kiswahili hupima umri wa mtoto kwa viungo vyake: shingo imekaza, amekaa kitako, anatambaa, amesimama dede. Nimeikumbuka ngazi hiyo niliposoma habari za watoto wa Recife, Brazil, waliozaliwa na vichwa vidogo mwaka wa 2015, mama zao wakiwa wameambukizwa virusi vya Zika walipokuwa waja wazito. (Jina hilo ni la msitu wa Uganda, virusi vilikogunduliwa mwaka wa 1947.) Wengi wao, ubongo ukiwa umeathirika na misuli imekakamaa, hawakuweza kukaa bila kuegemezwa hata walipotimiza miaka miwili. Sisi walimu husema “wamechelewa”. Neno hili silipendi. Aliyechelewa hungojwa, ilhali watoto hao walihitaji kunyoshwa viungo na kusaidiwa kumeza tangu miezi ya kwanza.