Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni

Agosti 2022, siku ya pili baada ya kura ya urais nchini Kenya, nilikuwa kwa kinyozi mtaani Mbotela, Nairobi. Televisheni ya ndani ilionyesha mgombea mmoja anaongoza. Ya kibanda cha pili ilimwonyesha mwenzake. "Mzee, hawa wanatuchezea," kijana aliyekuwa akinyolewa aliniambia.

Hakuna aliyemchezea. Data ilikuwa ileile: Fomu 34A, za matokeo ya urais, kutoka vituo 46,229, kila kimoja na wapigakura wasiozidi 700. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza fomu, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, na kifaa cha kielektroniki cha KIEMS huipiga picha na kuituma. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais wa 2017, namna matokeo yalivyotumwa ilikuwa miongoni mwa sababu. Safari hii tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu kwenye tovuti, azifungue yeyote mwenye simu. Nililifurahia jambo hilo, na bado nalifurahia.

Ila picha si tarakimu. Ukimpa mtu jedwali, kompyuta yake itajumlisha mara moja. Ukimpa picha ya mwandiko wa kalamu, lazima aketi, asome, achape, fomu baada ya fomu. Vyumba vya habari vilifanya hivyo, kila kimoja kwa mpangilio wake. Aliyeanza na fomu za Nyanza hangeweza kuwa na jumla moja na aliyeanza na za Bonde la Ufa. Ndiyo maana "kura milioni mbili" peke yake ni habari nusu: ni kutoka vituo vingapi, kati ya vingapi? Mtoa data asipoandika hilo kando ya jumla yake, msikilizaji atajijazia mwenyewe, na hofu ndiyo hujaza haraka zaidi.

Kilichoiokoa data ile ni anwani yake. Kila fomu ilibeba jina la kaunti, eneo bunge, wadi na kituo. Kijana yule alikuwa ameipiga picha karatasi ya mlangoni kwenye shule aliyopigia kura. Nikamwambia aifungue tovuti. Akashuka kwenye orodha: Nairobi, Makadara, wadi yake, shule, chumba. Fomu ikafunguka. Kinyozi akazima mashine, akainama begani kwake, wakaanza kulinganisha mstari kwa mstari, wakisoma kwa sauti.