Masoro: Viwanda Vimekuja, Malighafi Itoke Wapi?

Mpango mkakati wa maendeleo ya kiuchumi ya eneo, yaani uamuzi wa serikali kuhusu shughuli zipi zipewe ardhi, miundombinu na nafuu za kodi, na zipewe mahali gani, huonekana bora sana ukiwa bado kwenye ramani. Katika Afrika Mashariki ni maeneo machache yanayoonyesha kilichofuata baada ya ramani kama Masoro, seli ya sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Jiji la Kigali. Hapo ndipo ulipo ukanda maalumu wa kiuchumi, eneo lililotengwa kisheria ambamo mwekezaji hupata kiwanja kilichokwisha kufikiwa na barabara, umeme na maji, pamoja na taratibu za kodi na forodha zisizofanana na za nje yake. Ukanda huo ulitokana na kuunganishwa kwa miradi miwili ya awali, wa eneo huru la biashara na wa eneo la viwanda, chini ya sera ya mwaka 2010 na sheria ya mwaka 2011, na awamu zake mbili za kwanza zilichukua hekta 98 na hekta 178.

Sababu haikuwa uwekezaji peke yake. Viwanda vya zamani vya Kigali vilikuwa vimejibana katika bonde la Gikondo, ambalo ni ardhi oevu, na kuvihamisha kulihitaji mahali pa kuvipokea. Kwa hiyo Masoro ilibeba kwa pamoja mpango wa viwanda na mpango wa mazingira, jambo ambalo wapangaji wa miji mingi hulizungumza tu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa umbali wa bahari. Shehena ya Rwanda husafiri takriban kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo, au karibu 1,700 kutoka Mombasa, na kontena likishapakuliwa hulazimika kurudishwa bandarini kabla kampuni ya meli haijaanza kutoza faini ya ucheleweshaji, mara nyingi likiwa tupu, hivyo gharama ya safari ya kurudi huingia katika bei ya bidhaa iliyoletwa. Bandari kavu ya DP World, iliyoanza kazi mwaka 2018 huko Masaka, wilaya ya Kicukiro, nje ya ukanda huo, yaani kituo cha nchi kavu chenye forodha, maghala na yadi ya makontena, ilikusudiwa kupunguza mzigo huo, ingawa nafuu kamili hupatikana pale tu lori linapopata kahawa, chai au madini ya kurudi nayo.

Waliokuja baada ya miundombinu ni wa aina nyingi. Kiwanda cha nguo cha C&H kilianza mwaka 2015, Volkswagen ikaanza kuunganisha magari mwaka 2018, na BioNTech ikaweka jiwe la msingi la kiwanda cha chanjo mwaka 2022. Hata hivyo, kuunganisha gari kwa vipuri vilivyotoka nje huleta ajira na ujuzi bila kumgusa sana mzalishaji wa Rwanda. Nguo nazo zilidhihirisha udhaifu mwingine: Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba, inayoitwa caguwa mitaani Kigali, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo mwaka 2016, Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria ya Marekani ya upendeleo wa kibiashara kwa nchi za Afrika, na hakuna kiwanja wala barabara ambayo ingeweza kuzuia uamuzi huo wa Washington.

Mfano wenye uzito zaidi, ijapokuwa hauvutii wapiga picha, ni wa unga wa lishe. Africa Improved Foods, kampuni ambayo serikali ni mmoja wa wenye hisa zake, husaga mahindi na soya, na shida yake kubwa ya mwanzo ilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri. Badala ya kumwachia mkulima mdogo kazi ya kukausha katika msimu wa mvua, ulianzishwa utaratibu wa kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, yakusanywe upesi baada ya kuvunwa, kisha yakaushwe na kupukuchuliwa kwa mashine. Mkulima akaepushwa na hasara ya shehena kukataliwa, na kiwanda kikapunguza uagizaji kutoka nje. Uhusiano wa namna hiyo hautokani na msamaha wa kodi.

Serikali imejaribu kuueneza mfumo huu mikoani, kwa maeneo ya viwanda ya Rwamagana, Bugesera, Musanze, Huye na kwingineko, huku wilaya zikipimwa kwa imihigo, mikataba ya utendaji ambayo viongozi wake hutia saini. Ni vigumu, hata hivyo, kwa meya wa wilaya kuahidi kiwanda ambacho mwenyewe hachagui mahali pake, na mwekezaji aliyezoea Kigali huuliza kwanza kuhusu mafundi, wanunuzi na uwanja wa ndege. Kuhusu hilo la mwisho hesabu inaelekea kubadilika, kwa kuwa uwanja mpya wa kimataifa unajengwa Bugesera, kusini mwa jiji, na shehena za anga zitakapohamia huko, viwanja vya Masoro vilivyopendwa kwa ukaribu wake na uwanja wa sasa wa Kanombe vitashindana na eneo la viwanda lililokwisha kutengwa katika wilaya hiyo hiyo ya uwanja mpya.