Shahidi katika Tone la Damu



Alasiri moja, baada ya darsa ya akina mama, alitujia binti mmoja amempakata mwanawe wa miezi mitano. Ametupa idhini ya kuyasimulia haya bila ya kumtaja jina wala mtaa. Yeye mwenyewe anaishi na virusi vya Ukimwi, na tangu ujauzito amekuwa akimeza dawa zake bila ya kukosa siku. Mtoto alishikwa na homa, akapelekwa zahanati ya jirani, akadungwa, tone la damu likatiwa katika kikasha cha kipimo. Baada ya robo saa ikatokea mistari miwili. Aliyepima akasema: mtoto naye anavyo. Mama mkwe akaamrisha mtoto aachishwe ziwa usiku ule ule. Mume akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kuzito kuliko maneno.

“Sheikh,” alituuliza, “dawa zote zile nilizomeza, zilikuwa za bure?”

Sisi si matabibu. Tulimsihi asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kurudi kliniki anakohudhuria siku zote, na mmoja wa walimu wetu wa kike akafuatana naye. Yaliyojiri huko tutayaeleza. Kwanza tufahamu kile kikasha kiliona nini.

Adui anapouingia mwili, chembe nyeupe za damu huunda askari waitwao kingamwili. Hizi ni protini ndogo mno, umbo lake mfano wa herufi Y, na ncha zake mbili hushika alama moja maalumu ya adui yule, kama ufunguo na kufuli yake. Kingamwili ya surua haina kazi kwa pepopunda. Na adui akishaondoka, mara nyingi askari hubaki, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Watu wa maabara wameutumia uhodari huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza, hutumia kingamwili kuwa chambo cha kukisaka kitu chenyewe. Ndivyo kifanyavyo kijiti cha kupimia ujauzito: ndani yake zimo kingamwili zinazoinasa homoni ya mimba katika mkojo, nazo mara nyingi zimefungwa kwenye chembe za dhahabu ndogo zisizoonekana kwa jicho. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu, na zikikusanyika pamoja ndipo mstari unapojitokeza. Mstari wa pili hauhusiani na mimba. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Kipimo cha haraka cha malaria nacho ni wa ukoo huo huo: hunasa protini za kimelea.

Kingamwili za vipimo hivyo aghalabu huwa za aina moja, zisizochanganyika. Zamani zilichujwa katika damu ya wanyama, nazo zilikuwa mchanganyiko. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliiunganisha chembe ya panya inayotoa kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kuzaana, wakapata chembe inayotoa kingamwili ya namna moja bila ya kukoma. Mwaka 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Njia ya pili ni kinyume chake. Huwekwa vipande vya adui katika kipimo, kisha hutazamwa kama damu ina askari wanaovijua. Hapa hatumwoni adui; twaona athari ya kupita kwake. Kipimo kikawa ni shahidi, na kila shahidi huulizwa mambo mawili: umeona nini, na umeona lini?

Tuchukue homa ya matumbo, ambayo hakuna nyumba ya mwambao isiyoijua. Kipimo cha Widal, kilichotokana na kazi ya tabibu Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, hutafuta kingamwili. Mtu aliyeugua zamani, au aliyechanjwa, au aliyepatwa na kijidudu cha jamii ya karibu, huweza kuambiwa ana taifodi ilhali homa yake ni ya jambo jingine. Akanunua dawa, akazimaliza, na homa ikabaki pale pale. Ushahidi ulio thabiti zaidi ni kuotesha bakteria kutoka katika damu.

Na swali la “lini” linawagusa mno wanaojiandaa kwa nikahi. Aliyeambukizwa wiki iliyopita huenda akapimwa na kipimo kisione kitu, kwa sababu askari hawajaundwa vya kutosha. Huenda ikachukua wiki kadhaa, hata miezi 3. Kwa hiyo karatasi moja haitoshi panapokuwa na shaka ya karibuni; hurudiwa. Na kipimo cha kwanza kikisema ndiyo, si hukumu bado: hufuatishwa vya aina nyingine ili kuthibitisha.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Mama mjamzito humpitishia mwanawe kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Ni akiba ya kumlinda mpaka mwili wake uzoee ulimwengu. Ndiyo maana mjamzito huchanjwa pepopunda ili mtoto naye akingike. Lakini akiba hiyo haichagui. Mama mwenye virusi humpa mtoto kingamwili za virusi hivyo hata kama virusi vyenyewe havikupita, nazo huweza kubaki hadi miezi 18. Kile kikasha kilimwona mama ndani ya damu ya mtoto. Shahidi hakusema uongo. Aliulizwa lisilokuwa lake.

Mtoto wa umri huo hupimwa kwa kipimo kingine, kinachosaka virusi vyenyewe. Hapa Kenya hufanywa akiwa na wiki 6, kisha hurudiwa. Majibu ya kliniki yalipotoka, virusi havikuonekana. Alhamdulillahi. Mtoto angali ananyonya, mama angali anameza dawa, na vipimo vitaendelea mpaka aache ziwa na apindukie miezi 18, ndipo lipatikane neno la mwisho.

Mama zetu na dada zetu, mkikabidhiwa karatasi ya majibu, msione haya kuuliza: kipimo hiki kinatafuta ugonjwa wenyewe au kingamwili? Je, chafaa kwa umri huu na kwa wakati huu? Kuna cha kuthibitisha? Kuuliza si ujinga. Nanyi akina baba, mkeo akirudi na karatasi mkononi, usinyamaze. Mfuate kliniki, mkaulize pamoja.