Mbwa wa manyoya mafupi: Namna ya kumsafisha nyumbani bila kumuua kwa dawa ya ng'ombe

Ngara. Kwenye kaya nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, mbwa ni mlinzi. Analala nje karibu na zizi au migomba, anakula makombo, na usiku akibweka watu wanajua kuna kitu. Habari za kumpiga brashi zinaonekana ni mambo ya watu wa mjini wenye mbwa wa manyoya marefu.

Kiukweli, mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hahitaji saluni wala mkasi. Manyoya yake hayafungi mafundo, na matope yakishakauka mengi yanadondoka yenyewe. Ila kuna kazi moja ambayo hawezi kujifanyia: kukaguliwa ngozi. Kwa kuwa manyoya ni mafupi, mkono ukipita tu unagusa kupe, uvimbe au kidonda mapema, kabla mbwa hajaanza kukonda.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mbwa aliyezoea kushikwa ndiye anayeweza kupelekwa kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Yule ambaye hata mwenye nyumba hathubutu kumgusa mguu, siku ya chanjo anabaki nyumbani.

Dakika 10, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Dodoki linafanya kazi

Kifaa kizuri zaidi kwa manyoya mafupi ni brashi laini ya mpira. Asiye nayo anaweza kutumia dodoki kavu, lile lile linaloota kwenye uzio na kutumika kuogea, au brashi laini ya kufulia ambayo haitarudi tena kwenye nguo. Brashi ya waya haifai. Inachuna ngozi, maana manyoya ya kuikinga ni kidogo.

Mfugaji huanzia shingoni kwenda nyuma, akifuata yanakolalia manyoya. Tumboni na kwapani mkono unakuwa mwepesi. Mwisho anafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kati ya Juni na Agosti, barabara zikiwa na vumbi jekundu, kitambaa hicho kitabadilika rangi mara ya kwanza tu, na ni kawaida.

Manyoya mafupi nayo hupukutika, siyo marefu peke yake. Yakipukutika sehemu moja hadi ngozi ionekane, hasa kuzunguka macho, kwenye viwiko au kingo za masikio, huenda ni upele unaoletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Aina mojawapo huwapa mwasho hata watu wanaomshika mbwa huyo. Wapo wanaotibu kwa kumpaka oili chafu ya gari. Hiyo inaumiza ngozi, na mbwa akijilamba sumu inaingia tumboni.

Kuoga siyo kila wiki

Milimani Ngara, dumu moja la maji la lita 20 lina safari yake, kwa hiyo hii ni habari njema: mbwa mwenye manyoya mafupi anaweza kuoga mara moja kwa mwezi, hata mara moja kwa miezi mitatu kama hanuki na ngozi ni safi. Kumwogesha kila mara kunaondoa mafuta ya asili na ngozi inakauka.

Sabuni ya unga na sabuni kali ya kufulia ziachwe pembeni. Ngozi ya mbwa ni tofauti na ya binadamu, na sabuni kali humwachia mwasho. Kama sabuni ya mbwa haipatikani, sabuni laini ya mtoto isiyo na manukato makali inasaidia kwa siku moja moja. Cha muhimu zaidi ni kumsuuza mpaka maji yatoke bila povu.

Asubuhi za Ngara ni za baridi, hivyo muda mzuri ni kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, jua likiwepo la kumkausha. Kichwa kinafutwa kwa kitambaa, maji yasiingie masikioni. Watoto wa mbwa ambao hawajafikisha wiki nane wafutwe tu, wasiogeshwe.

Kupe na dawa ya josho

Hapa ndipo mbwa wengi wanapoumizwa na watu wanaowapenda.

Kupe wanapatikana sehemu zilezile: ndani ya masikio, shingoni chini ya kamba, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Kupe mmoja hutolewa kwa kibano cha nyusi. Anashikwa karibu kabisa na ngozi, kisha anavutwa taratibu moja kwa moja juu bila kuzungushwa. Kumchoma kwa sigara au kummwagia mafuta ya taa hakusaidii. Kunamuunguza mbwa na kumfanya kupe ateme zaidi. Akishatoka asiminywe kwa kucha. Atumbukizwe kwenye spiriti, kisha mikono inawe kwa sabuni.

Tatizo linaanza kupe wanapokuwa kumi au ishirini na mtu akakumbuka ile chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anamimina vizibo viwili kwenye ndoo, anakoroga, anammwagia mbwa mwili mzima. Mbwa anajilamba. Baada ya muda anaanza kutoa mate, kutetemeka, kuyumba, au kulegea na kulala tu.

Dawa hizo zinatengenezwa zikiwa kali ili mtu apime na kuchanganya na maji mengi, kwa mnyama mwenye uzito wa mamia ya kilo. Mbwa wa kienyeji wengi hawafikishi hata kilo 25, na tofauti na ng'ombe, mbwa hujilamba mwili mzima. Baadhi ya viambato, kama amitraz, hutumika pia kwa mbwa, lakini kwa kipimo chake na kwa mbwa mwenye afya na umri unaofaa. Kizibo cha chupa siyo kipimo. Vilevile kuna viuakupe vya jamii ya permethrin ambavyo mbwa anavimudu lakini vinaweza kuua paka, kwa hiyo nyumba yenye wote wawili inahitaji tahadhari zaidi.

Njia salama ni kwenda duka la dawa za mifugo au kwa afisa mifugo wa kata, kutaja uzito na umri wa mbwa, na kuomba dawa iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya mbwa. Ambaye tayari ameshamwagia ya ng'ombe na anaona dalili hizo, amsuuze haraka kwa maji mengi na sabuni ya kuoshea vyombo, akiwa amevaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha aende kwa mtaalamu na chupa yenyewe. Bila chupa, mtaalamu anabahatisha.

Na kumsafisha mbwa bila kusafisha anapolala ni kazi nusu. Kupe wa kahawia wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu. Magunia anayolalia yaanikwe juani na yabadilishwe, banda lifagiliwe.

Kupe huyo huyo huleta homa ya kupe. Njia rahisi ya kushuku ni kuinua mdomo wa juu na kutazama fizi. Fizi zenye afya ni za waridi, au nyeusi kwa baadhi ya mbwa. Zikiwa nyeupe kama karatasi na mbwa hataki kula, asisubiri wiki ijayo.

Chini ya miguu kuna funza

Kukagua nyayo ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka. Wakati wa kiangazi, kwenye sakafu za udongo na viwanja vya vumbi, funza huingia kati ya vidole vya mbwa na pembeni ya nyayo. Anaonekana kama doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Mbwa anachechemea au anajilamba miguu muda wote.

Hili siyo la mbwa pekee. Funza anayekua kwenye mguu wa mbwa hutaga mayai yanayoanguka sakafuni, na hao wakikua huingia kwenye miguu ya watoto. Familia inaweza kuwatoa watoto funza kila Jumamosi na wakarudi, kwa sababu mbwa aliyelala mlangoni hajaguswa. Pini iliyotumika kwa mtu isitumike kwa mwingine, wala kwa mbwa. Akiwa na funza wengi, afisa mifugo ana dawa ya kupaka au kunyunyiza. Sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Kuna pia kiluwiluwi cha inzi anayetaga kwenye udongo na kwenye nguo zilizoanikwa, yule anayewafanya watu wapige pasi hata nguo za ndani. Kwa mbwa hutokea kama kijipu chenye tundu dogo juu, mara nyingi tumboni au miguuni. Kikipakwa mafuta mazito ya mgando, tundu linaziba na mdudu anasogea juu kutafuta hewa, ndipo hutolewa kwa kubinywa taratibu pande zote mbili. Asipasukie ndani.

Kuhusu makucha, mbwa anayetembea kwenye changarawe anajisaga mwenyewe. Linalosahaulika ni lile la ndani ya mguu wa mbele, ambalo haligusi chini na linaweza kujikunja likaingia kwenye nyama. Hukatwa ncha tu.

Biharamulo: tazama macho

Kwa wanaoishi karibu na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kuna kitu cha ziada. Mbung'o wanaowapa ng'ombe ugonjwa wa nagana huwauma mbwa pia, na baadhi ya mbwa huugua vibaya na kufa haraka. Homa na udhaifu vinafanana na magonjwa mengine, lakini jicho likianza kuwa na ukungu wa bluu au weupe na uso ukavimba, nagana inapaswa kufikiriwa. Kipimo ni cha damu. Kumwosha macho kwa maji ya chumvi ni kupoteza siku.

Siku ya kutomgusa

Usafi wote huu una sharti moja. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole aliyekuwa mkali au mkali aliyekuwa mpole, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza au ambaye sauti yake imebadilika, hasafishwi. Kosa linalojirudia ni mtu kudhani mbwa amekwama mfupa kooni na kuingiza mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa huonekana hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatokana na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu wote hufariki. Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa ni wake.

Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Ili mlipuko uzuiwe kwenye eneo, angalau asilimia 70 ya mbwa wanatakiwa wawe wamechanjwa. Mfugaji anaweza kumwandaa wake kuanzia leo jioni: amshike mguu mmoja, ahesabu hadi kumi, amwachie na ampe kipande cha ugali. Kesho mguu wa pili, keshokutwa masikio, kisha kamba shingoni na matembezi mafupi hadi ofisi ya kata na kurudi.