Jaa likifungwa, nani hubaki kulilinda?

Mtu akikwambia jaa la taka limefungwa, muulize limefungwa vipi. Kwa wengi wetu kufunga ni kutia mnyororo getini na malori kupelekwa kwengine. Taka zenyewe ziko pale pale. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya marundo, yakabeba kila yanachokutana nacho, mafuta ya mashine, asidi ya betri, madini ya risasi, kisha yakateremka ardhini kuelekea visimani. Jaa lililopokea taka za viwanda ndilo baya zaidi. Ganda la ndizi huoza likaisha. Risasi haiozi, hukaa mchangani hata wajukuu wa aliyeitupa wakazeeka.

Kwetu Garsen jambo hili lina uzito wake, maana Mto Tana hauheshimu mipaka ya mtu. Mwaka 1989 ulihama mkondo wake kule Hola na kuuacha mradi wa unyunyizaji bila maji. Mafuriko ya El Niño ya 1997-98 nayo yakaharibu mradi wa mpunga wa TARDA hapa kwenye delta, pamoja na kingo zake. Ikiwa tuta la serikali halikuhimili, shimo la taka lililochimbwa kwenye ardhi ya mafuriko litahimili? Na maji hayo hayo ndiyo Mpokomo analimia, Muorma ananyweshea ng'ombe malkani, na sisi sote tunachota kupeleka jikoni.

Sheria haikunyamaza. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya mazingira ya 1999 ikaipa NEMA kazi ya kutoa leseni na kukagua, na kifungu cha 108 kinairuhusu kumwamuru aliyechafua arudishe ardhi katika hali yake. Amri hiyo haimalizwi na kufungwa kwa geti. Kufunga kunakostahili jina hilo ni kufunika taka kwa udongo mzito wa mfinyanzi, kuchimba mitaro ya kuepusha maji ya mvua, kutoa njia kwa gesi inayojikusanya chini, na kuchimba visima vidogo pembezoni ambavyo maji yake yatapimwa mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo penye kasoro: kazi hiyo haina picha nzuri ya kupiga, na haina sherehe ya uzinduzi.

Yanayotokea msimamizi akilala tumeyaona Owino Uhuru, mtaa wa takriban watu 3,000 kule Mombasa. Pale hapakuwa jaa, palikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, kilichoanza 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, aligundua mwanawe mchanga ana sumu ya risasi, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014. Risasi ikabaki kwenye udongo wa nyumba za watu.

Wakaazi walikwenda Mahakama ya Ardhi na Mazingira, na Julai 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo na maji. Tazama mgao wa lawama: mwenye kiwanda asilimia 25, NEMA asilimia 40. Yaani mlinzi alibebeshwa mzigo kuliko mchafuzi. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: miaka kumi kamili tangu geti lifungwe.

Sisi hatuna haja ya kungoja watoto waugue. Ibara ya 35 ya Katiba na sheria ya 2016 ya kupata habari zinamruhusu raia kuandika barua kwa afisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja kwa NEMA au kwa kaunti kule Hola yatosha: jaa hili lilikuwa na leseni ya nani, ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini, maji ya visima vya karibu yalipimwa na yakaonyesha nini. Ombeni nakala ya ripoti, msikubali kujibiwa kwa mdomo. Na ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia, jambo ambalo wengi barazani hawalijui.

Barua hiyo iandikwe msimu wa kiangazi, kabla ya masika, wakati bado mtu anaweza kufika kwenye jaa kwa miguu akaona lilivyo.